Upande Usiopigwa Randa

Jumatatu, tarehe 3

Mume wangu,

Na jibu la lile swali uliloniuliza gari likiwa limeshaanza kuondoka ni ndiyo. Ndiyo, nitakuandikia kila kitu, hata cha kipuuzi, na ndiyo, nimekukumbuka kabla hata hatujafika kona ya kwanza. Nimeandika "mume wangu" hapo juu kisha nikakaa kuliangalia neno lenyewe. Wiki sita za ndoa na bado linanitekenya. Akina mama wa humu wodini wamenipa jina la Bi Harusi, kwa sababu kila sentensi yangu ina mume wangu ndani yake.

Tumefika salama. Mdogo wako Panzi alikaa dirishani, magongo akayalaza mapajani mwetu kama abiria wa tatu. Wodi ya watoto iko ghorofa ya pili, vitanda kumi na viwili, na kila kitanda kina kabati dogo pembeni. Nimelivuta la kwetu nione mgongo wake. Limepigwa randa hata nyuma. Nikacheka peke yangu, nikikumbuka kabati letu la vyombo, mbele linang'aa kama kioo, nyuma linachoma vidole. "Kwani nani atakaa nyuma ya kabati?" ndivyo ulivyojitetea.

Sasa habari za mguu, na usiruke mistari.

Daktari wa mifupa ni mama mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, zote hazina vifuniko. Alitundika picha ya mguu wa Panzi kwenye taa, nami nikaona mstari mweusi umekata mfupa juu kidogo ya kifundo. Nikasema, "Daktari, umekatika."

"Huo si ufa, Bi Harusi," akasema. "Hapo ndipo anapokulia."

Kumbe mtoto harefuki mfupa mzima. Karibu na ncha ya mfupa kuna ukanda laini, huko ndiko mfupa mpya unakotengenezwa, na siku akimaliza kukua ukanda unakuwa mfupa mgumu na mstari unafutika. Mimi na wewe yetu imeshafutika. Panzi akauliza, "Kwa hiyo nakua kwa miguuni? Mimi nilidhani nakua kwa kichwani." Daktari akamwambia kichwani kwake kumejaa vya kutosha.

Tatizo liko chini ya hapo, kwenye kifupa cha katikati ya kifundo, kile kinachobeba mwili mzima. Kimefunikwa na gegedu, tandiko jeupe, laini kuliko kioo, ili mifupa isisagane. Gegedu lenyewe halijachanika. Lakini chini yake kuna kipande cha mfupa, kama punje ya mahindi, kimelegea na damu haikifikii vizuri. Nikamwambia daktari, ni kama meza ambayo bamba la juu ni zima lakini ubao wa chini umeanza kuoza. Akaniangalia, akaniuliza nimesomea wapi. Nikasema nimesomea kwa mume wangu.

Njia ni mbili. Ya kwanza, plasta wiki sita bila kukanyaga, mfupa ujiponye wenyewe, kisha picha nyingine. Ya pili, upasuaji, watoboe vitundu vidogo kwa sindano ya chuma ili damu ipite, kwa uangalifu wasiguse ule ukanda. Mtoto anayekua kwa kasi mara nyingi hupona kwa njia ya kwanza. Anayekaribia kumaliza kukua, kusubiri kunaweza kuwa kupoteza muda. Picha inaonyesha mstari uko wazi, lakini kwa msichana wa miaka kumi na miwili mambo hubadilika haraka, na daktari anataka kujua mwaka huu amerefuka kiasi gani.

Nikaruka kwenye kiti. Nikamwambia, sisi tunayo hesabu hiyo. Iko kwenye mwimo wa mlango wa chumba chetu, upande usiopakwa rangi, ambapo marehemu mama yenu alikuwa anawapima kwa penseli na wewe ukaendelea kumpima Panzi kila shule inapofunga. Daktari amefurahi sana. Niandikie alama nne za mwisho, mpenzi wangu, na nusu sentimita zake.

Anayekupenda mpaka vidole vinamuuma kuandika,
Mkeo

*

Ijumaa, tarehe 7

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, na leo nimeisoma tena huku chai inachemka mpaka ikaisha kwenye sufuria. Mimi si mwandishi kama wewe. Nikisema nakukumbuka, chukua neno hilo ulipige pindo kubwa, ulishushe kadiri unavyotaka.

Alama za Panzi ni hizi. Ya kwanza 141. Ya pili 144. Ya tatu 146. Ya mwisho, wakati wa harusi, 149.

Nyumba iko salama. Mlango hauna shida yoyote, usiwe na wasiwasi na mlango. Kazi zipo. Maranda yaliyomo ndani ya bahasha hayakuingia kwa bahati mbaya, nimeyatia mwenyewe, unuse karakana.

Mwambie Panzi asimchoshe daktari kwa maswali. Hata wewe.

Mumeo

*

Jumanne, tarehe 11

Mume wangu mpenzi,

Maranda nimeyalaza chini ya mto. Panzi anasema nanuka kama mlango mpya.

Sasa nisaidie, maana hapa tumekwama na mimi kichwa kinazunguka. Muuguzi alimpima Panzi juzi, mguu mzima umekanyaga na mgonjwa umening'inia: 147. Wewe umeandika 149 wakati wa harusi. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bi Harusi, mtoto huyu amepungua sentimita mbili tangu muoane. Mnamlisha nini?"

Nilikutetea mpaka nikakauka mate. Nikamwambia, mume wangu hakosei hata nusu sentimita, milango yake inafunga bila kusukumwa. Akasema basi labda mlango wenyewe ndio unaota. Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikampima Panzi mwenyewe mara tatu, kisigino ukutani. Ni 147. Nikafikiri labda anapinda mgongo kwa sababu ya magongo. Nikafikiri labda ulimpima na viatu. Nikafikiri hata kuhusu sakafu, kwamba labda huku imeinuka. Usinicheke. Nataka kujua tu, kwa sababu ninapenda mambo yakae sawa, na kwa sababu ni wewe.

Na kuna jambo jingine dogo. Umeniambia nisiwe na wasiwasi na mlango. Sikuwa nao.

Jambo hili ni zito kuliko ninavyoliandika. Daktari ataamua Jumatatu tarehe 24. Amesema kama hapati hesabu ya kuaminika, atachagua kutoboa, kwa sababu hapendi kubahatisha na kifundo kinachotakiwa kuruka kamba miaka mingi. Panzi alimuuliza kama baada ya kutobolewa atafikisha tena miruko mia nne na kumi na mbili bila kukosea. Daktari akasema, "Sijui, na anayekuambia anajua anakudanganya." Tangu hapo Panzi hajafungua mdomo, na unajua kwake huo ni ugonjwa wa pili.

Kabla ya hapo daktari alikuwa amemuuliza mguu umeuma tangu lini. Panzi akasema wiki mbili, huku anahesabu mbao za dari. Nimeshawashonea watoto sare za kutosha kujua wanavyosimama wanapoficha kitu.

Pima tena, mpenzi. Taratibu.

Mkeo anayekutetea

*

Jumanne hiyohiyo

Kaka,

Hii nimeikunja ndogo nikaitia kwenye bahasha ya wifi alipokwenda kuchota maji. Usimwambie.

Mguu haukuanza kuuma wiki mbili zilizopita. Uliuma kabla ya harusi yenu, mwezi mzima kabla. Nilikuwa nimefika mia nne na tatu, nikatua kwenye ukingo wa ngazi za shule, ukapinda, ukalia kama kijiti. Ulivimba nikaufunga na soksi mbili. Sikusema kwa sababu mimi ndiye niliyechaguliwa kutangulia mbele ya wifi na maua, na ningesema mngemchukua yule binamu anayekula kucha.

Nilitembea vizuri, si ndiyo? Vile viatu vyenye kisigino ndivyo vilivyonimaliza. Wifi aliniona nikichechemea akacheka, akasema bibi arusi mdogo hajazoea viatu. Nikimwambia sasa atalia, na akilia analia sana, wodi nzima itaamka.

Kwani wewe umenirefusha kwa nini?

Panzi

*

Jumamosi, tarehe 15

Mke wangu,

Keti kwanza.

Zile hesabu nilizitunga. Hakuna mlango. Yaani mlango upo, lakini si ule.

Nilikuwa nakutengenezea kitanda. Ulisema siku ya tatu ya ndoa yetu kwamba godoro la chini halikusumbui hata kidogo, na ulivyolisema nikajua linakusumbua. Nikaanza kwa siri. Maungio yote ya gundi na vigingi, hakuna msumari hata mmoja, ili kisilie. Mlipoondoka kilikuwa kimebaki mfumbati mmoja tu, ule ubao mrefu wa ubavuni. Ndipo nikashtuka. Seremala mzima, nimepima kitanda, nimepima chumba, sikupima mlango. Kisingepita hata kwa kulazwa ubavu.

Basi tarehe 4 nikaing'oa fremu, nikapanua. Ule mwimo ukabaki pale sakafuni, mti mgumu wa zamani, umenyooka, urefu uleule ninaoutaka. Nikaupitisha kwenye mashine ya randa nikiwa napiga mluzi. Nikaufanya mfumbati. Barua yako ilipofika tarehe 6, kitanda kilikuwa kimeshakauka, nami nikabaki nimeishika kama mtu aliyepewa hati ya polisi. Alama za mama. Zangu. Za Panzi. Zote nimezigeuza maranda, na mengine ndiyo hayo niliyokutumia unuse.

Niliona haya, mke wangu. Hata miezi miwili haijatimia na nimeshakuwa mume wa kuomba radhi. Nikajikumbusha Panzi alinifikia wapi siku ya harusi, kidevuni, nikapima kidevu changu, nikatoa tatu, mbili, tatu kurudi nyuma. Sikukumbuka kwamba alikuwa juu ya visigino. Kumbe ningemtobolesha mdogo wangu kwa kidevu.

Mwambie daktari ni mimi. Usinitetee tena.

Karatasi iliyokunjwa ni ya Panzi, mpe. Nimemwandikia maneno machache tu: mimi nimeshasema langu, na wewe nenda kaseme lako leo.

Mumeo, kama bado

*

Jumanne, tarehe 18

Fundi,

Umeona sijaandika lile neno langu. Nilikasirika siku nzima ya jana. Si kwa ajili ya mlango. Nilisimama mbele ya daktari nikakuapia, na wewe ulijua ninaapia hewa.

Panzi amesema lake. Alisema huku akivuta uzi wa shuka, kwamba uliuma wiki kumi kabla hatujaja huku, na kwamba alitembea mbele yangu kwenye mguu ule. Nilicheka siku ile, unakumbuka? Nina picha yake akilini, ameshika maua kwa mikono miwili, anauma mdomo, nami nikadhani ni aibu ya watu. Nililia, ndiyo, na wodi iliamka, ilikuwa saa saba ya mchana na watoto walikuwa wamelazwa wapumzike. Kisha nikamuuliza maumivu yalikuwa yanakaa upande gani, yanakuja akishuka ngazi au akipanda, asubuhi au jioni, akasema, "Wifi, wewe na daktari mngeoana." Tukacheka, tukaenda pamoja kumwambia daktari. Hakufoka. Aliandika tu, akasema afadhali kujua.

Halafu nikatoa maranda chini ya mto, ili niyatupe.

Sikuyatupa. Nilianza kuyakunjua mojamoja kitandani, kwa hasira, kutafuta penseli. Fundi, hayana hata nukta. Nimekunjua kumi na tisa, na yote yana rangi ya buluu upande mmoja. Yote. Nikakaa nikafikiri. Upande wa buluu ndio uliokuwa unatazama sebuleni. Mama yenu aliwapima upande wa chumbani, ulioachwa mti mtupu.

Sasa nijibu kama mtu aliye mahakamani. Mfumbati una upande unaoonekana na upande unaolala na godoro. Ule wa godoro uliupiga randa?

Mimi nimekula chakula mbele ya kabati lako. Nimeweka mkono nyuma yake nikatoka na kibanzi. Wewe hujawahi kupiga randa upande usioonekana tangu uzaliwe.

Inua godoro. Leo, na barua iondoke leo.

Mkeo

*

Ijumaa, tarehe 21

Mke wangu,

Nimeinua. Sikupiga.

Niliutia mashine mara moja, kwa upande wa buluu tu, nikaugeuza nikagundisha. Mtu mvivu hakumbuki hata uvivu wake. Alama zipo zote, zimelala ubavu, mimi nimezisoma nimeinamisha kichwa kama kuku. Namba za mama ndizo zilezile za mwandiko wa kuinama. Mimi nipo, wa miaka minne, mfupi kuliko nilivyodhani.

Sikuamini macho yangu wala mkono wangu, basi nimeweka karatasi ndefu ya kukatia nguo, ile ya kwako, nikasugua penseli juu yake mpaka mikwaruzo yote, hata matundu ya misumari ya zamani, ikatokea. Nimeikunja humu. Daktari asinisome mimi, asome ubao.

138. Miezi minne baadaye, 140 na nusu. Kisha 143 na nusu. Wakati wa harusi, 146 na nusu.

Nimeituma kwa dereva wa gari la asubuhi, mkononi, ikufikie kabla ya Jumatatu.

Kitanda sijakilalia. Nilikuwa nalala chini, nikidhani ni adhabu. Sasa nalala chini kwa sababu nakusubiri.

Mumeo

*

Jumanne, tarehe 25

Mume wangu,

Limerudi, nimeliangalia, na bado linanitekenya. Jumatatu asubuhi nilitandaza karatasi yako juu ya meza ya daktari, ikaning'inia pande zote mbili. Alitoa kalamu moja kati ya zake tatu akaanza kuhesabu kwa sauti. Sentimita nane na nusu kwa mwaka. Akampima Panzi tena yeye mwenyewe. Akarudi kwenye picha, akarudi kwenye karatasi. Panzi alikuwa amenishika kidole kimoja, akikiminya kila daktari alipovuta pumzi.

"Huyu bado yuko kwenye mbio," akasema. "Hajaanza hata kupunguza."

Nikamuuliza, na zile wiki kumi za kukanyaga je? Maana sikutaka tuhesabu zuri tukaruka baya. Akasema ndizo zinazomtia wasiwasi, na kwamba hatuahidi kitu. Lakini gegedu ni zima, kipande hakijang'oka, na mguu huu haujawahi kupumzishwa ipasavyo, kwa hiyo hatuwezi kusema kupumzika kumeshindwa wakati hakujajaribiwa. Ameamua plasta, wiki sita, bila kukanyaga hata kwenda mlangoni. Kisha picha nyingine. Mfupa ukikaidi, sindano ipo.

Panzi akauliza, "Kwa hiyo nitafika mia nne?" Daktari akasema, "Sijui. Lakini sasa sijui kwa matumaini." Panzi amelirudia neno hilo kwa kila kitanda humu wodini. Ukimuuliza kama anataka uji, anajibu sijui kwa matumaini.

Fundi wa plasta alimfunga jana hiyohiyo mchana, kutoka vidoleni mpaka chini ya goti. Nilisimama pembeni nikauliza maswali mpaka akanipa ndoo niishike. Unajua plasta inapata joto inapokauka? Panzi alishtuka, akasema mguu unapika. Fundi huyo anapitisha kiganja ndani na nje, mbele na nyuma, mpaka pawe laini kote. Nikamuuliza kwa nini anahangaika na upande usioonekana. Akasema, "Huo ndio anaoulalia mtoto." Nilikufikiria wewe.

Na daktari anaomba karatasi yako ibaki kwenye faili. Amesema hajawahi kupokea rekodi ya ukuaji yenye alama za misumari. Nimemkubalia, kwa sababu ubao wenyewe tunao.

Nina masharti matatu kuhusu kitanda. Nikifika nitakikalia kwanza mimi, kabla yako, na nikisikia kinalia hata kidogo nitacheka mbele ya mdogo wako. La pili, ule upande wa godoro usiuguse na randa maisha yako yote. Upande ule ndio niliokupendea, nilikuwa sijui tu. La tatu, mwimo mpya wa mlango uachie pande la kutosha bila rangi, usawa wa goti kwenda juu. Usiniulize kwa nini usawa wa goti.

Daktari anaturuhusu kutoka Alhamisi plasta ikishakauka vizuri, tukae nyumbani siku tano, kisha turudi kukaguliwa. Panzi anasema atapimwa kwenye mwimo mpya akiwa amesimama kwa mguu mmoja, bila soksi wala viatu, na mimi ndiye nitakayeshika penseli, kwa sababu wewe kwa sasa huaminiki. Chonga penseli, mume wangu, panua mikono kama ulivyopanua mlango. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa tumeshaingia.

Mkeo